Rubani wa Fedha

Wacera, Mama Kuria kwa wateja wake, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Mogogosiek. Nyuma ya kaunta, ndani ya boksi lenye kitambaa cheusi, aliweka sarafu za ukumbusho za wanawake waliowatangulia wenzao: daktari, mwanaanga, wakili, rubani. Wateja walimtania kwamba ana pesa zisizonunua hata kiberiti. Kanisa lilipoandaa maonyesho ya siku ya wanawake, lilimpa kabati la kioo, na chini ya kila sarafu kadi yenye jina la mwenye sarafu. Kadi zote zilikuwa na jina moja: Wacera.

Kisha akaja Wilkista wa kiwanda cha chai, ambaye watu walizidi kumwita Mama Lynn hata baada ya Lynn kufa. Binti huyo alikuwa akisomea urubani Marekani, na kutoka huko alimtumia mamake sarafu ya Bessie Coleman, rubani mweusi. Wacera alikuwa nayo, lakini yake ilikuwa ile ya kawaida, ya kununulia soda huko Marekani. Hii ilikuwa ya madini ya fedha. Mchungaji akaamua kwamba ndiyo itakayokaa kabatini, na kadi iandikwe jina la Lynn. Wilkista hakutaka kingine duniani.

Ila ukingo wa sarafu ulikuwa umeingia weusi, na Wilkista aliona haya. Akaja dukani kuuliza utatokaje.

Wacera alijua jibu. Ndilo jambo la kwanza analojifunza mkusanyaji: sarafu haisuguliwi. Weusi ni umri tu. Kinachoiua ni mikwaruzo. Alijua pia kwamba majirani wa Wilkista walizitania sufuria zake, eti mtu akikosa kioo akachanie nywele jikoni kwake.

"Mama Lynn, wewe nani atakufundisha kung'arisha?" akasema. "Fanya vile unafanyanga sufuria."

"Na jivu?"

"Na jivu. Kamulia na ndimu."

Wilkista akamwombea baraka. Wacera akampa stilwaya mpya ya kusugulia, bure.

Siku ya maonyesho, Kinuthia, mkusanyaji mzee aliyeitwa kutoka Nakuru kukagua kabati, aliipokea sarafu ile akaiinamisha mwangani. Iling'aa kama kijiko. Uso wa rubani ulikuwa mikwaruzo mitupu, na ndege iliyo juu yake ilikuwa kama shamba la chai lililopigwa na mvua ya mawe.

"Hii imeuawa, mama," alisema. "Siwezi kuiweka na zingine."

Wilkista akacheka kidogo, akidhani ni utani. "Lakini inang'aa."

Kinuthia akamweleza polepole, kama anayepeleka habari za msiba, kwamba uso uliosuguliwa haurudi. Wilkista alisikiliza hadi mwisho, kisha akageuka.

"Mama Kuria, ulijua?"

"Uliniuliza vile inang'arishwa," alisema Wacera. "Hukuniuliza kama inafaa."

Wilkista hakulia. Aliomba iwekwe pembeni tu, hata bila kadi. Wacera akatazama kabati. Kati ya daktari na wakili palikuwa na nafasi ya kutosha sarafu mbili.

"Kabati limejaa," akasema, akamweka rubani wake wa kununulia soda na kuinyoosha kadi yenye jina lake.

Nyuma yake, Wilkista alikuwa ameishika sarafu kwa pembe ya leso, akiifuta, akiifuta.