Orodha Nyeusi Imefutwa

Kila alfajiri geti lilimkataa, na kila alfajiri Gwalugano alirudi. Baada ya kumweleza mkaguzi jinsi mnyororo mbovu wa winchi ulivyokatika na bamba la shaba likamponda kuli mwenzake Ambilikile hadi kufa, jina la Gwalugano lilitiwa kwenye orodha nyeusi ya kompyuta. Akiweka kidole kwenye mashine ya getini, inapiga kelele, taa nyekundu inawaka, makuli wenzake wanaingia ghalani. Pale Tunduma maghala yote ya shaba yalitumia orodha hiyohiyo. Nyumbani watoto walikunywa uji wa chumvi, na usiku wakanywa huohuo.

Leo meneja Tuntufye alisimama getini na mpiga picha.

"Orodha nyeusi imefutwa!" alitangaza. "Wafadhili wamesema jina hilo linamdhalilisha mtu mweusi."

Makuli wakapiga makofi. Gwalugano alipiga kuliko wote, mpaka viganja vikamwasha.

"Kwa hiyo narudi kazini, bosi?"

"Sasa inaitwa orodha ya zuio. Wewe bado umo."

Diana, fundi wa kompyuta aliyeletwa kutoka Mbeya, alikohoa. "Bosi, nilishauri tuanze na sababu za watu kuwekwa humo."

"Hukuitwa kushauri. Uliitwa kubadili neno."

"Bora jina zuri, kaka," Yonathani, kuli mwenzake, alimnong'oneza Gwalugano. "Lile lilikuwa linatuuma."

"Linakuuma wewe unayeingia?"

"Mwenye nguvu mpishe."

Gwalugano hakumpisha. Hasira ilimpanda, naye akaiacha ipande.

"Heshima ya mtu mweusi!" alipaza sauti. "Kwani Ambilikile alikuwa Mzungu? Mnyororo mlijua ni mbovu!"

Rungu la kwanza lilimpata begani. La pili mdomoni, akatema jino. Walinzi wawili wakamkanyaga mgongo mpaka pumzi ikakatika, kisha wakamburuta hadi kwenye mashine.

"Si unataka kuingia? Weka kidole!"

Kidole kilikunjwa kinyume hadi kikalia ko! Akapiga yowe. Walikigandamiza kwenye kioo hivyohivyo, damu ya mdomoni ikichuruzikia kioo.

Mashine haikupiga kelele tena. Ilitoa sauti laini ya mwanamke: "Samahani, ndugu mpendwa. Umezuiliwa kwa sasa. Tunakuthamini."

"Mmeona?" Tuntufye akamgeukia mpiga picha. "Lugha ya staha. Diana, futa kioo, watu waingie kazini."

Diana alitoa leso mkobani. Akafuta kioo. Yonathani akamruka Gwalugano pale chini, akaweka kidole, na taa ikawaka kijani.