Pete Juu ya Sinki

Mama mdogo hakorogi kostiki akiwa na pete kidoleni. Kila asubuhi, kabla hajagusa kopo la magadi hayo makali ya sabuni, huivua na kuitundika kwenye msumari juu ya sinki, ndipo avae glavu na miwani. Mimi ninayemsaidia kutengeneza sabuni nilidhani ni madaha tu. Aliyefurahia zaidi ni mumewe, baba mdogo. "Pete ya fedha hiyo," huwaambia wageni hata wasiouliza, "lazima itunzwe." Yeye ni fundi wa madirisha ya alumini, na kwa kujisifia hana mpinzani mtaani kwetu.

Jumamosi moja ule msumari, ambao kutu ilikuwa imeshaumaliza, uling'oka. Pete ikadondoka ndani ya sinki, ikazunguka kidogo, ikatumbukia tunduni. Tulichungulia tukaona giza na kusikia harufu ya mafuta yaliyoganda. Bomba lilikuwa limeanza kuziba siku nyingi, na aliyelijenga, Mungu amsamehe, alilifukia lote ukutani kwa saruji, hakuacha hata mahali pa kufungulia.

Akaitwa fundi bomba. Aliingiza waya, ukarudi umevaa mafuta. Akajifuta mikono na kusema kwa utulivu wa mtu asiyepoteza chake, "Hapa dawa ni kostiki. Itayageuza mafuta kuwa sabuni, halafu tunasukuma kwa maji, pete inatokea kwenye shimo la nje. Tunategesha chujio tu. Na msiwe na wasiwasi, fedha haidhuriki na kostiki."

Baba mdogo, aliyekuwa akitutania tangu aingie, aliusogelea ukuta na kuugonga kwa kidole.

"Kwa nini tusivunje ukuta?" akauliza.

"Uvunje ukuta kwa ajili ya mafuta?" fundi bomba akashangaa.

"Ukuta wenyewe umechakaa."

"Umeupaka rangi juzijuzi, baba watoto," mama mdogo akamkumbusha, huku akivuta ndoo ya plastiki.

Akatia maji baridi kwanza, kisha akaanza kunyunyiza chembe nyeupe za kostiki kidogo kidogo. Hilo alinifundisha siku ya kwanza kabisa: kostiki huingia kwenye maji, maji hayamwagwi juu ya kostiki, la sivyo yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Kopo akalifunga palepale, maana kostiki ni mlafi, ukiiacha wazi inakunywa unyevu wa hewani mpaka inalowa yenyewe. Chembe zikayeyuka. Ndoo isiyo na moto chini yake ikapata joto, mvuke ukaanza kupanda. Siku nyingine mama mdogo hukoroga haraka haraka, lakini siku hiyo mwiko wa mbao ulikwenda kwa maringo, na kila mara alimtupia mumewe jicho. Nikaona anatuchelewesha bure.

"Isije ikawa kali mno," baba mdogo akasema.

"Ni ileile ya kila siku."

"Basi tungoje ipoe."

"Ikiwa ya moto ndiyo inakula mafuta vizuri."

Mama mdogo akainua ndoo, akaiegemeza kwenye ukingo wa sinki.

"Usimwage," baba mdogo akasema, macho kwenye ndara zake. "Si fedha. Ni dirisha."

Sote tulimkodolea macho.

"Nilipokuja kukuchumbia sikuwa na kitu, mama watoto. Nikakata kipande cha fremu ya alumini, nikakipiga tupa mpaka kikawa pete. Nilitaka kukubadilishia baadaye, lakini nikawa nimeshajisifu kila mahali, nikaona aibu. Kostiki itaila yote. Kwenye chujio hutaona kitu."

Mama mdogo aliteremsha ndoo sakafuni polepole.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mwaka ule tuliooana, tone la kostiki liliirukia ikaanza kutoa povu. Fedha haitoi povu. Unadhani kila siku naitundika msumarini kwa nini?"

Fundi bomba alicheka mpaka akatafuta kigoda. Mimi mbavu hazikuwa zangu. Baba mdogo peke yake hakujua acheke au aendelee kuona aibu.

"Sasa mbona ulitaka kumwaga?"

"Nani alitaka kumwaga? Nilikuwa nakungoja wewe useme. Mkono wenyewe umeniuma."

Baba mdogo alichukua nyundo na tindo, akauvunja ukuta wake wa rangi mpya kwa furaha ambayo sijapata kuiona kwa mtu anayeharibu nyumba yake. Fundi bomba akakata bomba. Pete ikatoka imepakaa mafuta, na ubavuni ina kidonda kidogo cha lile tone la zamani. Baba mdogo akaifuta kwa shati lake jeupe. Niliwapenda wote wawili sana dakika ile. Kostiki nayo haikupotea, ilipopoa tuliichanganya na mafuta ikawa sabuni.

"Nitakununulia ya fedha kweli," baba mdogo akasema. "Siku hizi naweza."

"Ninunulie."

Uso ukamshuka kidogo. Nadhani alitegemea kukataliwa.

Mama mdogo akaichukua ile ya dirisha mkononi mwa mumewe, akaivaa. "Hiyo ya fedha nitakorogea kostiki," akasema. "Hii ndiyo ya kutokea."