Kola ya Karatasi

Mtu akikwambia Mama Vifungo ni mpole, jua hajawahi kumpelekea sare ya mtoto siku moja kabla shule hazijafunguliwa. Fundi cherehani huyu alishonea nusu ya shule, na mdomo wake, ukiwa haujabana pini, haukujua kuremba maneno. Jina alipewa na watoto, kwa kuwa mifukoni mwake hamkukosa vifungo. Lakini kuna jambo moja ambalo mdomo huo ulilifumbia miaka yote: hakujua kusoma. Vipimo vya wateja aliviweka kichwani. Barua ikija, aliitazama juu hadi chini, akatikisa kichwa kama hakimu, kisha akatia saini penye nukta nukta. Saini hiyo alifundishwa na marehemu dada yake, akaikariri kama mtu anavyokariri kuchora ua.

Mihula miwili iliyopita, mwalimu wa darasa la kwanza, yule waliyemwita Mwalimu Chaki kwa sababu vumbi lilimfika hadi viwikoni, alifungua chumba kilicho karibu na stoo. Kila Ijumaa asubuhi, saa moja tu, wazazi wa chekechea na darasa la kwanza waliingia humo na watoto wao, wakakaa kwenye mabenchi madogo, magoti yakigusa kidevu, wakasoma pamoja. Kipindi hicho akakiita Saa ya Kitabu. Sheria zilikuwa mbili: anayejua amsomee asiyejua, awe mkubwa au mdogo, na hakuna kumcheka mtu. Mama Vifungo alikwenda mara ya kwanza kwa kuvutwa sketi na binti yake, Kadogo. Mara ya pili alikwenda mwenyewe. Sasa Ijumaa cherehani ilifunikwa, na mteja aliyenung'unika aliambiwa kuna mafundi wengine mjini, aende. Kidole chake kilikuwa kimeanza kutembea chini ya mistari bila kukwama sana, na jamani, alivyokuwa anajisikia! Hakumwambia mtu, lakini moyoni alikuwa anacheka peke yake.

Basi Jumanne moja alasiri, alikuwa akishona huku Kadogo akicheza sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa. Mtoto akaokota karatasi iliyokatwa umbo la kola, ile ambayo mama yake aliitumia kupimia kola za mashati. Akaanza kuisoma kwa sauti, kama wanavyofanya Ijumaa.

"Chu-mba... ki-ta-fu-ngwa... ku-a-nzi-a I-ju-maa. Mama, chumba gani kitafungwa?"

Mguu wa Mama Vifungo ukasimama juu ya pedali.

"Lete hapa."

Akaichukua. Akaisoma mwenyewe. Kisha akakipindua kikapu cha mabaki, akatafuta hadi akapata vipande viwili vingine vya karatasi ileile, akavipanga vyote mezani, akavishika kwa pini. Ilikuwa barua ya shule, ile iliyoletwa na Kadogo kwenye begi wiki iliyopita. Kipande cha chini hakikuwepo. Kipande cha chini kilikuwa na nukta nukta, naye alikitia saini huku anamalizia mkono wa gauni, akakichana, akamwambia mtoto apeleke kwa mwalimu. Barua iliyobaki ilikuwa ya karatasi nzuri, ngumu, inafaa kola.

Aliisoma pole pole, chai ikapoa pembeni. Ilisema darasa la mtihani lina uhitaji wa nafasi. Ilisema chumba cha Saa ya Kitabu kitafungwa kuanzia Ijumaa ijayo. Ilisema mzazi atie saini kuonyesha amekubali.

Loh! Alijishika kichwa. Kama ingekuwa mwaka jana, angejisamehe. Lakini wiki iliyopita alikuwa anajua kusoma, na hakusoma! Mkono wake ulikuwa na mazoea yake, umeona nukta nukta ukakimbia. Amekifunga chumba kwa mkono wake mwenyewe, na kikifungwa, yeye atarudi kutikisa kichwa kama hakimu mpaka anaingia kaburini, na Kadogo atakua akimtazama.

Kesho yake kengele ya shule ilimkuta getini. Mwalimu Chaki hakumchangamkia kama siku zote.

"Wazazi arobaini na watatu," alisema mwalimu. "Wote mmesaini. Mkuu amenionyesha vipande, na chako nilikiona. Nikasema basi, wamechoka, wameona haya kuniambia."

"Nani kachoka? Mwalimu, mimi sikuisoma ile barua. Niliikata kola."

Mwalimu alimtazama, kisha akaweka chini daftari alizobeba. "Na wenzako?"

"Niachie hao."

Akaenda moja kwa moja kwa Baba Pacha, mchomeleaji wa mageti, ambaye kila Ijumaa alikaa benchi moja naye, pacha mmoja kila goti.

"Barua ya shule ulisaini?"

"Nilisaini."

"Uliisoma?"

"Miwani yangu imevunjika."

"Baba Pacha, wewe miwani umevaa lini?"

Akazima mtambo wake. Alikuwa mwanamume mpana, lakini pale alinywea. "Si ilikuwa mambo ya chanjo?" aliuliza kwa sauti ya chini. Alipoambiwa yaliyomo, alikaa kwenye ndoo ya rangi akatoa macho. Lakini aliposikia Mama Vifungo anataka kuyasema kwenye mkutano wa wazazi wa kesho, alisimama tena. "Mama, nakuomba. Utatuvua nguo mbele za watu. Watoto wataambiwa baba zao hawajui kusoma."

"Mimi ndiye nitakayejivua. Wewe uje tu, ukae mbele."

Alhamisi mchana mkutano ulijaa. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Darasa lake la mtihani lilisomea barazani, jua likija wanahamia upande wa pili, na matokeo ya mwaka jana yalikuwa aibu tupu. Aliweka mezani bunda la vipande vya karatasi vilivyofungwa kwa mpira.

"Kuhusu kile chumba," alisema, "nawashukuru wazazi kwa kuelewa. Arobaini na watatu kati ya arobaini na watatu wamekubali. Tuendelee na ajenda inayofuata."

"Tusiendelee," alisema Mama Vifungo.

Watu wakageuka. Alipiga moyo konde akasimama. Akatoa mfukoni ile barua yake ya vipande vitatu, pini zikimeta, kola ikiwa katikati.

"Mkuu, naomba niwasomee wazazi barua uliyotuandikia."

"Mama, barua kila mtu anayo."

"Anayo. Naomba nisome."

Akaweka kidole. Alisoma neno kwa neno, mengine kwa vipande, na alipofika "uhitaji" alikwama, akarudi nyuma, akalivuka. Nyuma mtu alicheka kidogo. Mwalimu Chaki akageuka kumtafuta, kicheko kikafa. Alipofika "kitafungwa kuanzia Ijumaa ijayo", minong'ono ilianza, na mama mmoja akasema kwa sauti, "Kufungwa? Nani kasema kifungwe?"

"Wewe," alisema Mama Vifungo. "Na mimi. Tumesaini." Akakunja barua. "Mimi nilisaini bila kusoma, kwa sababu miaka yangu yote nimesaini bila kusoma. Sikujua. Nimejifunzia kwenye chumba hicho, na mwalimu wangu wa pili ni mwanangu wa miaka sita. Basi naomba, aliyesaini bila kusoma anyooshe mkono. Wangu huu hapa."

Aliunyoosha. Ukakaa peke yake hewani muda ambao yeye aliuona mwaka mzima. Wanaume walichunguza viatu vyao. Machozi yalianza kumlenga, ya hasira, akajisemea kama ni peke yangu na iwe peke yangu, mkono siushushi. Ndipo mstari wa mbele mkono mpana wenye makovu ya moto ukapanda. Baba Pacha hakumtazama mtu. Kisha yule mama aliyeuliza. Kisha mikono ikawa mingi mpaka Mwalimu Mkuu akaacha kuhesabu.

Aliliangalia lile bunda lake. "Sasa vipande hivi vyote ni vya nini?" akasema, akalisukuma kando.

"Hatukatai watoto wa mtihani," alisema Mama Vifungo. "Wakichukue chumba wiki nzima. Ijumaa, saa ya kwanza, ni yetu. Watoto hao hao wangesoma nyumbani tangu wadogo, leo usingehangaika na matokeo."

Mkuu alifikiri, akamnong'oneza Mwalimu Chaki, akatikisa kichwa kukubali. Makofi yalipigwa mpaka vioo vikalia. Karani wa shule akaandika makubaliano hapo hapo, Mkuu akatia saini kwa furaha, akamsogezea Mama Vifungo karatasi na kalamu. Nukta nukta zilikuwa chini, zinamngoja.

"Hapa tu, mama," alisema karani.

"Subiri, nisome."

Akaanza juu kabisa. Karani alitazama saa. Kidole kilitembea mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kikasimama.

"Hapa pameandikwa muhula mmoja. Nani kasema muhula mmoja?"

Karani alimgeukia Mkuu. Mwalimu Mkuu akaivuta karatasi, akaisoma, na uso wake ukabadilika, kwani na yeye alikuwa ameshasaini. Akachukua kalamu, akakata maneno hayo mawili, akaandika "kila mwaka", akamrudishia.

Mama Vifungo akasoma tena, kuanzia juu. Akatia saini. Alipotaka kumpa karani karatasi, Baba Pacha aliidaka, akakaa nayo kwenye benchi la mbele, akaweka kidole chake kinene chini ya neno la kwanza.

"Wa-za-zi," alianza, na mkutano mzima ukamsubiri.