Ngoma Isinyamaze

Vigelegele vilipopasuka kwenye nyumba ya pili ya tembe alfajiri ile, wanawake wote wa Nzuguni walifurahi isipokuwa Sechelela. Yeye alikaa kitako sakafuni, mtoto kifuani, akasema, "Nimekwisha."

Msimwone ana roho mbaya. Aliyekuwa akipigiwa vigelegele ni Nyemo, binti wa wifi yake, amevunja ungo usiku ule, na hilo ni jambo la heri kwa ukoo mzima. Shida ni kwamba Nyemo ndiye aliyekubali kumlea mtoto siku hiyo, na mwali akishawekwa ndani haonekani nje wala hashiki mtoto wa mtu. Miezi yote ile ungo ulikuwepo, umetulia. Ukangoja leo!

Na leo haikuwa siku ya kukosa mlezi. Mwaka ule Mdachi alikuwa ametandika reli yake kupita Ugogo, na nyuma ya reli ikaja sotoka. Ng'ombe walitoa machozi, wakaharisha, wakaanguka. Wanaume walihangaika na dawa zao mpaka wakaishiwa, na wanaume wa Kigogo wakishindwa na ugonjwa wa mifugo wana desturi moja ya busara: huwaachia wanawake. Siku hiyo wanawake huvaa mashuka ya waume zao, hushika mikuki na fimbo, huwatoa ng'ombe zizini na kuuswaga ugonjwa kuelekea magharibi mpaka kwenye korongo la mpaka, wakautupe huko. Siku hiyo wao ndio wanaume. Wanaume wenyewe hujifungia ndani ya matembe kama wake, na ni mwiko mwanaume kuonekana njiani.

Watoto wachanga hawaendi. Nani aliona shujaa akienda vitani na mtoto mgongoni? Wanaachwa na wasichana ambao hawajavunja ungo.

Mbele ya msafara huo kunakuwa na muheme, ngoma ya wanawake, na ngoma hiyo haitakiwi kunyamaza tangu zizini mpaka mpakani. Ikinyamaza, ugonjwa hugeuka ukarudi nyumbani. Aliyeianza ndiye anayeimaliza, na akishindwa njiani, ngoma hiyo kuu inahamia kwa yule aliyemmalizia, moja kwa moja. Ngoma kuu ya Nzuguni ilikuwa ya mama yake Sechelela. Mama alipofariki aliiacha kwa bintiye, na Sechelela aliipiga mpaka tumbo lilipokuwa kubwa hata ngoma ikakosa mahali pa kukaa. Tangu hapo aliyeipiga ni Chiku. Tusimnyime haki yake, Chiku alikuwa fundi. Lakini alikuwa pia na mdomo, na kisimani alishawaambia wenzake kwamba mzazi ana mikono ya kubembelezea tu.

Kwa hiyo Sechelela alikuwa ameisubiri siku hii kama mkulima anavyosubiri mvua. Siku zake za uzazi zilikuwa zimekwisha, mgongo umepona, na viganja vilikuwa vikimwasha. Kilichobaki kilikuwa mtu mmoja wa kumshika mtoto mmoja.

Alimfunga mgongoni akatoka mbio. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuvaa shuka la marehemu mume wake, pembe ya dawa mkononi, kwani yeye ndiye mtangulizi wa msafara.

"Mwanangu, ningebaki kama ningeweza," alisema. "Pembe hii haina mtu mwingine."

Akaenda nyumba ya jirani. Pale alimkuta kabinti kadogo, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kiunoni, wa tatu ameshika nguo yake analia.

"Shangazi," kabinti kakasema kabla hajaulizwa, "mimi nina mgongo mmoja tu."

Akaenda kwa kikongwe asiyeweza tena kutembea safari ndefu. Kikongwe alikuwa mlangoni kwa Nyemo, akimlinda mwali, na hakuruhusiwa kunyanyuka pale. Nje ya zizi wanawake walikuwa wakijipanga, na Sechelela aliwasikia wakimwita. Kisha akasikia viganja vya mtu vikiigusagusa ngoma kuu, taratibu, kama mtu anayeonja mboga ya mwenzake. Hakuhitaji kwenda kutazama ni nani.

Akarudi nyumbani kwake. Mumewe, Matonya, alikuwa kando ya mafiga, amejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Huyu alikuwa ametoka juzijuzi kuchimba tuta la reli ili apate kodi ya kibanda. Mwanaume mabega kama mlango, na leo alikuwa amewekwa jikoni. Alikuwa amenuna.

"Simama," Sechelela alimwambia.

"Kuna nini?"

"Mshike mtoto."

"Mimi?"

"Kuna mtu mwingine humu ndani?"

Matonya alimtazama mtoto, akalitazama paa, akamtazama tena mtoto. "Mama watoto, mwanaume hambebi mtoto mgongoni. Watu watasemaje?"

"Mkuki wako uko wapi?"

Ulikuwa mkononi mwa mkewe.

"Na shuka lako?"

Hilo nalo mkewe alikuwa amelivaa.

"Basi leo mwanaume ni mimi," Sechelela alisema. "Geuka nikufunge."

Akamfunga mtoto kwenye ule mgongo mpana, akakaza fundo kifuani kwa mumewe mpaka akaguna. Alikuwa amemnyonyesha mtoto kwanza, lakini kwa haraka, na mtoto anajua ziwa la haraka. Maziwa ya ng'ombe yalikuwa yamepigwa marufuku kwa sababu ya ugonjwa. "Jua likifika utosini nitakuwa nimerudi," alisema, akakimbia.

Alipofika Chiku alikuwa ameshaupitisha mkanda wa ngoma shingoni.

"Asante kunishikia," Sechelela alisema, akaunyoosha mkono.

Chiku akaivua ngoma polepole. "Na mtoto, dada?"

"Ana mama yake."

Msafara ukatoka. Jamani, ile ilikuwa raha! Wanawake wenye mashuka yaliyovutwa begani, wanatembea kwa maringo ya waume zao, wanatema mate kando kama waume zao, wengine wanasimulia kwa sauti nene vita ambavyo waume zao hawakupigana. Katikati yao ng'ombe, na mbele, nyuma tu ya pembe ya dawa, Sechelela, ngoma ikining'inia mapajani, viganja vikiruka. Hakuwa amesahau kitu. Mikono ilijua njia kabla yake. Alitamani kucheka kwa sauti, na akacheka.

Mpaka walipofika kwenye reli.

Korongo la mpaka lilikuwa ng'ambo ya tuta, na tangu reli ilazwe mifugo ile haikuwa imewahi kuvuka pale. Jike la mbele lilipanda tuta, likanusa chuma, likakataa. Walilisukuma, likarudi nyuma. Walilichapa, likazunguka, na kundi zima likazunguka nalo. Wanawake walipiga kelele, vumbi likapanda, Sechelela akazidisha ngoma kulitia kundi moyo. Kundi likazidi kuogopa. Jua lilifika utosini, na Sechelela hakuwa amerudi wala kufika.

Ndipo maziwa yalipoanza kumtoka. Mtu asiyewahi kunyonyesha hawezi kuelewa. Kifua kilikuwa kizito kama mawe, shuka la Matonya limelowa mpaka kiunoni, na kila pigo la ngoma lilimchoma. Kilichomchoma zaidi ni kujua kwamba huko nyuma mtoto alikuwa analia. Aliona aibu, aliona hasira, na hakujua amkasirikie nani.

Chiku akamsogelea na ngoma yake ndogo. "Nikupokee, dada?" alisema, sauti tamu kama asali ya nyuki wadogo. "Nenda kanyonyeshe. Hakuna atakayekulaumu."

"Piga yako," Sechelela alimjibu. "Ng'ombe haelemewi na nundu yake."

Aliyasema hayo akiwa anaelemewa.

Ghafla mmoja akapiga ukunga na kuonyesha njia waliyotoka. Kulikuwa na jitu refu linakuja mbio, limejitanda kaniki mpaka kwenye nyusi, shanga za mama mkwe shingoni, hatua kubwa kama za mtu anayeruka mitaro. Mgongoni lilikuwa na mtoto, na mtoto alikuwa analia mpaka anakosa pumzi. Chini ya kaniki ndevu zilikuwa zinachungulia.

"Mwanaume!" Chiku alipiga kelele. "Mwiko umevunjika!"

Mikuki ikainuka. Sechelela hakuacha kupiga. Bibi Ndahani, mkubwa wa wanawake wote wa Nzuguni, akajitokeza mbele na kuliegemea fimbo lake.

"Mbukwa," alimsalimu mgeni kwa Kigogo, bila kutabasamu. "Wewe ni nani?"

Matonya akainamisha kichwa kama bibi arusi. "Mbukwa, baba," akajibu kwa sauti nyembamba. "Mimi ni mke wa huyu mpiga ngoma."

Mtu mmoja akapasuka kicheko. Kisha wawili. Mama mkwe aligeukia upande wa pili, mabega yakimtikisika, nadhani alikuwa amezitambua shanga zake.

"Umefuata nini vitani?" Bibi Ndahani akauliza.

"Mtoto ana njaa. Nimempa uji, ametema. Nimempa maji, ametema. Nimemwimbia wimbo wa kuchimbia reli, ndiyo nimemharibu kabisa." Sauti nyembamba ikamkatika, ikabaki sauti ya baba aliyeshindwa. "Nisaidieni."

Bibi Ndahani aliwageukia wenzake. "Mashujaa wakienda vitani wake zao huwafuata na chakula. Huyu mke amekuja na mlaji. Ni tofauti ndogo. Mimi sioni mwanaume hapa isipokuwa sisi."

"Haya," Chiku akadakia. "Basi anyonyeshe. Lete ngoma niishike."

Sechelela alimtazama mwanawe, uso umekunjamana, mikono midogo inatafuta hewani. Akaiona mikono ya Chiku, nayo imenyooshwa. Akiacha ngoma, imekwenda. Asipoiacha, ni mama gani huyo? Alikuwa na mikono miwili tu, na yote ilikuwa kazini.

Lakini pale palikuwa na mikono mingine miwili, mikubwa, iliyozoea sururu.

"Matonya," alisema, "njoo ubavuni. Mlete hapa. Mpakate kwa mkono wa kushoto, kichwa juu. Juu zaidi! Usimbane pua."

Akalisukuma shuka kwa bega. Matonya, jasho linamtiririka chini ya kaniki, akapiga goti moja kwenye changarawe ya tuta, akamwinua mtoto mpaka kifuani kwa mama yake. Mtoto alitafuta, akakosa, akapiga yowe, akapata. Yowe likakatika.

Na ngoma haikunyamaza.

Ila ilibadilika. Sechelela hakuweza tena kupiga kwa kishindo, angemtoa mtoto ziwani. Viganja vikashuka, vikawa vizito na vya polepole, vinafuata kinywa cha mtoto: vuta, meza, pumzika, vuta, meza, pumzika. Uchungu ulimtoka kifuani pamoja na maziwa, machozi yakamshuka naye hakuyazuia. Wanawake nao wakaacha kelele. Vumbi likatua. Na lile jike la mbele, ambalo asubuhi nzima lilikuwa likikimbizwa na vishindo, lilisimama, likatega masikio. Likashusha pumzi ndefu. Likaunyanyua mguu mmoja na kuuvusha chuma, likaunyanyua wa pili, likavuka. Wengine wakafuata mkia kwa mkia, kama wanakwenda kunywa maji.

"Twendeni!" Bibi Ndahani aliguta. "Msiwaache peke yao!"

Wakavuka wote, na Matonya alivuka naye kinyumenyume, mtoto amemwinua, macho ameyakodoa kwa mkewe asije akajikwaa. Walipofika ng'ambo mtoto alikuwa ameshiba, amelala, na tone la maziwa kidevuni. Sechelela akamwambia mumewe kwa midomo tu, bila sauti, arudi nyumbani. Akarudi mbio, kaniki inapepea. Kisha Sechelela akainua mikono, akaishusha kwa nguvu zake zote, na msafara ukakitupa korongoni kila walichokuwa wamekuja kukitupa.

Hadithi ingeishia hapo kama isingekuwa kale kabinti kenye mgongo mmoja. Kalimwona Matonya akitoka, kakasimulia, na watoto wakisimulia hata kuta husikia. Wazee wa kiume wakaitisha baraza. Mwanaume ameonekana njiani, walisema. Matonya atoe ng'ombe wa faini, na ngoma iliyopigwa siku ya mwiko uliovunjwa iondoke nyumba ile, ihamie kwa Chiku. Bibi Ndahani aliyarudia aliyoyasema kule relini, wakamwambia kwamba yeye ndiye aliyemruhusu, hawezi kuwa shahidi.

"Tumuulize Chiku mwenyewe," mzee mmoja alisema. "Tumesikia ndiye aliyepiga kelele kwamba amemwona mwanaume."

Sechelela alikuwa amekaa nyuma na mtoto mapajani. Alijua alivyomjibu Chiku siku ile, na alijua Chiku alivyoitamani ngoma ile, kwa sababu yeye mwenyewe aliitamani vilevile.

Chiku alisimama. Alichukua muda mrefu kuifunga nguo yake vizuri.

"Shikamooni wazee," alisema. "Ni kweli nilipiga kelele. Vumbi lilikuwa jingi. Lilipotulia niliangalia vizuri, na mwanaume sikumwona. Niliwaona watu wawili wanamnyonyesha mtoto mmoja, na ng'ombe wakavuka." Akamgeukia Sechelela. "Ngoma mwachieni mwenyewe. Mimi nina mikono miwili tu."