Mwanga wa Upande wa Pili

Kwa miaka kumi na minne, tai wa Noreen Pybus alitoka mweusi. Si kwamba alikuwa mweusi. Ukimwona kwa darubini asubuhi tulivu, shingo yake ina rangi ya asali na jicho lake ni kahawia kama chai ya rangi. Lakini kwenye picha alitoka kivuli chenye mabawa, na ukingo mwembamba wa dhahabu kumzunguka, basi. Noreen alikuwa na picha za namna hiyo zaidi ya elfu moja, na kila moja aliipiga akijiambia kwamba leo ndiyo leo.

Kosa halikuwa la kamera. Kule Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, jua hupita upande wa kaskazini, na majira ya baridi hupita chini chini, likijikokota juu ya vilima kama mtu asiyetaka kwenda kazini. Maficho ya kupigia picha, kibanda cha mbao na turubai katikati ya miwati yenye maua ya njano, yalikuwa kusini mwa kijito. Mkaratusi wenye kiota ulikuwa kaskazini, juu ya mteremko. Kwa hiyo saa zote za maana mwanga ulitoka nyuma ya ndege ukampiga mpigapicha usoni. Ukitaka uso wa tai uangazwe, ilikubidi uvuke kijito, ukwee mteremko, uzunguke mti na kusimama chini ya mwamba wa upande wa pili. Ni mwendo wa dakika kumi tu.

Hakuna aliyevuka. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya watu wa tai huko Burrows Flat. Tai wa kisiwa kile ana mabawa marefu kuliko kitanda cha watu wawili na kucha za kupasulia kanguru, lakini akiona mtu karibu na kiota wakati wa mayai huondoka zake, na yai linapoa. Sheria ya pili ni kali kuliko ya kwanza. Aliyemfukuza ndege huenda mwenyewe kwa mwenye shamba, husema ni mimi, na hurudisha ufunguo wa geti. Haandiki barua wala hatumi mtu, na mwingine yeyote haruhusiwi kumsemea.

Funguo zilikuwa mbili, zote zimefungwa uzi wa buluu. Mmoja alikuwa nao Noreen, aliyefanya kazi posta miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Wa pili alikuwa nao Clive Tatnell, fundi wa paa, mgane, mtu wa maneno machache na soksi nzito. Walishiriki maficho yale miaka kumi na minne, kwa zamu, na daftari moja lililokaa ndani ya bati la biskuti. Mume wa Noreen alipoondoka na mwanamke wa Launceston, watu wote wa Burrows Flat walikuja kumuuliza kulikoni. Clive hakuuliza. Alileta kuni, akazipanga, akamwambia zamu ya Jumapili ni yake tangu leo, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ndefu. Noreen hakuwa na ndugu kisiwani, na kuanzia siku ile hakuona tena haja ya kuwa na ndugu.

Shamba lilikuwa la Mervyn Hodgetts, mfugaji wa kondoo. Baba yake Merv aliwapiga tai risasi na kuwatundika kwenye uzio. Noreen ndiye aliyembembeleza Merv miaka mitatu, kila mara na keki ya tofaa mkononi, mpaka akakubali kuuacha mti ule na kutoa funguo. Merv alimwambia neno moja tu siku hiyo, kwamba asije akamfanya aonekane mjinga kwa baba yake kaburini.

Mwaka huo, mwanzoni mwa Septemba, tai jike alitaga. Walijua kwa jinsi alivyokaa, amejibana chini, kichwa tu kinaonekana. Wiki ya pili ilikuwa zamu ya Noreen, ila Jumanne alikwenda mjini Hobart kung'olewa jino, Clive akamshikia. Alhamisi Noreen alikuwepo mwenyewe, kwenye mvua iliyoficha kiota tangu Jumatano mpaka Ijumaa, akakuta upepo umechana turubai, akaweka kiraka kipya akiwa amepiga magoti ndani, taratibu, kama anavalisha mtoto aliyelala. Jumamosi kiota kilikuwa kitupu. Walisubiri siku tatu. Dume alipita mara moja juu sana, hakutua.

Clive alikaa naye ndani ya kibanda siku ya tatu, akakitazama kile kiraka muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, "Labda ni turubai, Noreen. Jipya linang'aa."

Noreen alilala na neno hilo wiki nzima. Aliona kiraka kile kila alipofumba macho. Mtu aliyeishi na sheria miaka yote hiyo haitafutii mlango wa nyuma, na Ijumaa alimwomba Clive ampeleke kwa Merv, maana siku hiyo hakujiamini kushika usukani. Clive alimpeleka. Alikaa kwenye pikapu, injini inanguruma, wakati Noreen amesimama ukumbini kwa Merv akisema ni mimi. Merv hakufoka, na ingekuwa nafuu kama angefoka. Aliupokea ufunguo, akautia mfukoni, akamwambia amsalimie dada yake, kama anayeaga mgeni, ingawa alijua wazi Noreen hana dada. Walipokuwa wanarudi, Clive alisimama dukani akamnunulia pai ya kome yenye mchuzi wa bizari, aipendayo. Noreen aliishika mapajani mpaka ikapoa.

Mwezi uliofuata Clive alikuja jikoni kwake na simu mkononi na fomu ya shindano la picha la maonyesho ya kilimo. Shindano lile halipokei picha ya kiota, na kila picha ya ndege wa porini lazima isainiwe na mtu wa pili anayepajua mahali, athibitishe kwamba ndege hakusumbuliwa wala kuwekewa chambo. Clive alieleza kwamba ameipata picha ya jike akiwa kwenye tawi kavu, lile waliloliita Kibaraza, kutoka kwenye maficho yao, mwezi wa nane kabla ya kutaga. Kulikuwa na ukungu mzito bondeni, akasema, jua likaupiga, ukungu ukarudisha mwanga usoni mwa ndege kama shuka jeupe.

Ukungu wa namna hiyo walikuwa wameungoja miaka kumi na minne. Noreen alisikia wivu, kweli kabisa, ukimchoma kifuani kama kiungulia, halafu ukapita na furaha ikaingia. Aliona kwenye simu kitu cha dhahabu. Miwani ilikuwa chumbani. Alisema ni nzuri, akasaini, akamkatia keki.

Mwezi wa kumi na moja maonyesho yakafunguliwa. Noreen alivaa koti lake la kijani akaenda ukumbini mapema, amevaa na miwani, maana leo alitaka kuiona picha ya rafiki yake vizuri. Ilikuwa imekuzwa upana wa meza na ilikuwa na utepe wa buluu. Merv alikuwa amesimama mbele ya picha, kofia mkononi.

"Njoo umwone mama mwenye nyumba, Nor," alisema Merv bila kugeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Nor tangu alipopokea ufunguo. "Hata baba angeshusha bunduki hapa. Angeipandisha tena, lakini kwanza angeishusha."

Noreen alicheka, akatazama. Shingo ilikuwa asali hasa. Jicho lilikuwa kahawia, na ndani yake nukta nyeupe ya jua, ndogo, kali, ya duara. Alifurahi kwa muda wa pumzi moja au mbili. Kisha ile nukta ikamkera, kama punje ya mchanga kwenye wali.

Ukungu hautoi nukta. Ukungu ukirudisha mwanga, jicho hupata weupe mpana uliolala, kama maziwa kwenye kisahani. Nukta ni jua lenyewe, na jua lenyewe lilikuwa mbele ya ndege, yaani nyuma ya mpigapicha. Noreen aliacha kutazama ndege akatazama nyuma yake. Pale nyuma, mbali, palikuwa na rangi ya njano iliyofifia, duara juu ya duara, laini. Ni miwati imechanua. Hakuna miwati kaskazini mwa kijito, hata mmoja. Miwati ni ile ya kwao, ile inayoficha kibanda chao, na katikati ya njano ile palikuwa na kidoa cha kijivu cheusi, kidogo kama ukucha. Lilikuwa turubai kuukuu, na halikuwa na kiraka.

Mwaka huo miwati ilichelewa kuchanua kwa sababu ya baridi. Aliandika mwenyewe kwenye daftari: imefunguka leo, tarehe sita Septemba. Kwa hiyo picha haikupigwa mwezi wa nane. Ilipigwa baada ya tarehe sita na kabla ya Alhamisi ya kiraka, na siku zote hizo alikuwa maficho yeye mwenyewe, isipokuwa moja, Jumanne, alipokuwa Hobart amefungua kinywa kwa daktari wa meno. Jike hakuwa amepumzika kwenye Kibaraza. Alikuwa ametoka juu ya yai, amesimama, anamtazama mtu aliye chini ya mwamba.

Merv alisema kitu kuhusu mvua akaenda kwenye mazizi ya kondoo. Noreen aliitikia, na hakujua aliitikia nini. Aliona aibu, na ndilo lililomuudhi zaidi baadaye, kwamba yeye ndiye aliyeona aibu kwanza.

Clive alimkuta palepale. Alikuja na vikombe viwili vya chai, akamwona alivyosimama, akaviweka chini sakafuni.

"Ulivuka," alisema Noreen.

"Dakika kumi tu. Hazikufika hata kumi."

"Jumanne."

"Jumanne." Alikuna shingo. "Miaka kumi na minne, Noreen. Nina miaka sitini na saba na sina hata picha moja yenye uso. Nilijua utaenda mjini. Nikasema mara moja tu, atarudi kwenye yai. Huwa wanarudi wengine."

"Uliniambia ni turubai."

Watu walipita na watoto wao na sukari ya pamba. Noreen alingoja, maana hilo la kuvuka angeweza, kwa taabu, kulielewa. Yeye mwenyewe aliutamani mwamba ule kila asubuhi ya Mungu. Lakini mtu huyu alikaa kwenye pikapu na injini inawaka. Mtu huyu alimnunulia pai.

"Nilisema labda," Clive alisema mwishowe. "Halafu ukalibeba mbio, sikupata pa kukuzuia. Nikaona nitasema kesho. Ndiyo maana nilikuletea picha jikoni. Hiyo hadithi ya ukungu hata mtoto asingeikubali, na wewe unasoma mwanga kuliko mtu yeyote kisiwa hiki. Uliposaini nilidhani umeona. Nilidhani umeamua kunisamehe kimyakimya. Nilirudi nyumbani nikalia, Noreen."

"Sikutazama, Clive," alisema. "Wala miwani sikuvaa. Ni kwa sababu ulikuwa wewe."

Clive aliinamisha kichwa. Noreen alitaka kumpiga, akataka pia arudi kuwa yule wa kuni, yote kwa wakati mmoja.

"Merv yuko mazizini," alisema. "Sheria unaijua. Siwezi kukusemea. Nenda ukaseme, umpe ufunguo. Nitakusubiri hapa, kama ulivyonisubiri."

Clive alikubali kwa kichwa. Alitoka kwa mlango wa pembeni, na Noreen akasogea dirishani. Uwanja ulikuwa wazi chini ya mawingu, mwanga sawasawa kila mahali, hauna kivuli cha kumpoteza mtu. Alimwona Clive akifika kwenye zizi. Alimwona Merv akigeuka, akifungua mikono yote miwili, akimshika bega na kumtikisa kwa ajili ya utepe. Midomo ya Clive ilicheza kidogo. Merv akacheka, kichwa nyuma, kicheko cha tumbo. Walipeana mikono. Clive akasimama tena kidogo, akaonyesha kondoo mmoja, akauliza kitu kuhusu yule kondoo, kisha akarudi.

Aliingia amenyooka, macho mekundu.

"Nimemwambia," alisema. "Amelipokea vizuri. Mtu mwema, Merv."

Noreen alimtazama usoni, kisha mkandani. Ufunguo ulikuwa unaning'inia palepale pa siku zote, kwenye uzi wake wa buluu.

Hakubishana naye. Aliokota vikombe viwili vya chai kutoka sakafuni watu wasije wakavikanyaga, akaviweka juu ya meza ya karani wa shindano, akaomba fomu ya picha namba tisa, ile ya Clive. Karani, mama mwenye miwani ya mnyororo, aliitafuta, akampa na kalamu. Noreen alifuta jina lake kwa mstari mmoja, kwa rula ya mezani, kama alivyofuta anwani za barua zisizo na mwenyewe miaka thelathini na mmoja.

Yule mama alitazama fomu, akamtazama Clive aliyekuwa amesimama chini ya utepe wake, akamwambia Noreen kwamba bila shahidi picha inaondolewa, na je, ana uhakika, maana wakati wa kusaini si alikuwa na uhakika?

"Wakati ule sikutazama," alisema Noreen. "Leo nimetazama mara mbili, hapa na dirishani."