Maana ya Chwenyu

Tangu Jumanne, Ondiek alikuwa amekufa ganzi. Watu wakilia, yeye anabeba viti. Watu wakiimba, yeye anasogeza meza. Wamama wa Kaloleni wakaanza kunong'onezana: si huyu ndiye aliyekuwa chanda na pete na marehemu, mbona macho makavu hivyo? Haya, wacha wanong'one. Hata yeye alijiuliza.

Marehemu ni Mwangangi. Walikulia katika nyumba zinazotazamana hapo Kaloleni, mpaka Mwangangi akapata kazi na kuhamia chumba chake mtaa wa Huruma. Na hao wawili walikuwa na lugha yao. Usiniambie Sheng; Sheng ni ya kila mtu, nao hawakutaka ya kila mtu. Waliyabuni maneno wenyewe tangu shule. "Jetula" ilikuwa njoo. "Chwenyu" ilikuwa maumivu makali. Na mwenzako akikurushia neno, sharti umrudishie kubwa zaidi. Mwangangi akitaka mtu wa kutazama mpira naye, anaandika ana chwenyu, anakata roho. Ondiek akikimbia huko, anamkuta miguu juu ya kochi, anacheka.

Jumatatu jioni Mwangangi aliandika: "Ondi, jetula. Chwenyu, chwenyu."

Ondiek akacheka, akarudisha: "Hiyo ndogo, ngoja chwenyulunda!" Kisha akalala. Asubuhi jirani akamkuta Mwangangi sakafuni. Daktari akasema ni moyo.

Sasa ni Alhamisi mchana katika ukumbi wa Kaloleni, na kamati ya mazishi imepandwa na joto, maana programu ya ibada lazima ifike kwa mchapishaji saa nane. Nzembi, mamake Mwangangi, akamvuta Ondiek kando, simu ya mwanawe mkononi. Alitaka ukurasa wa mwisho uwe na maneno ya mwisho ya Mwangangi, lakini maneno yenyewe hakuyaelewa hata moja.

"Nisomee, mwanangu. Hii lugha yenu ilinishinda kitambo. Alikuwa anaumwa? Niambie tu, nimechoka kukisia."

Ondiek akaitazama ile simu. Akisema ukweli, mama huyu atajua kwamba mwanawe aliita, na atajua ni nani hakuitika.

"Alikuwa ananiita," akasema. "Njoo, njoo. Chwenyu ni... ni chakula kitamu."

"Kwa hivyo hakuwa na maumivu?"

"Hapana, Mama."

"Aiya, Mungu wangu, asante!" Nzembi akapangusa macho kwa ncha ya leso. "Na wewe ukaenda?"

Jamani, hapo ndipo mtu mwenye akili zake angefunga mdomo. Ondiek akasema, "Nilienda."

Nzembi akamshika mikono yote miwili. Tangu Jumanne alikuwa akiuliza kila mlango kule Huruma ni nani aliyemwona mwanawe mwisho, na hakuna aliyejua.

"Kumbe ni wewe! Na umenyamaza nayo siku zote hizi? Alikula nini?"

"Chapati mbili, na ndengu."

"Ndengu! Alicheka?"

"Sana. Mpaka akakohoa."

"Alinitaja?"

Maneno yalimjia Ondiek bila hata kutafutwa. "Alisema mwezi wa nane atakupeleka nyumbani Mwingi, akuezekee jiko upya."

Nzembi akalia, akacheka, akalia tena. Ondiek alitamani aone aibu, hata kidogo tu, lakini hakuna kilichokuja. Alisimama pale akisubiri swali lingine.

Halikuja. Nzembi alimwendea katibu wa kamati, mzee Patrobas, akachukua kalamu na kuufuta ukurasa wa mwisho wote.

"Hii hatuandiki," akasema kwa sauti, na ukumbi ukatulia. "Kesho huyu atasimama kanisani, kando ya sanduku, awaeleze watu jioni yote ya mwisho ya mwanangu. Alikuwa naye. Sivyo, mwanangu?"

Watu wote wakageuka.

"Ndiyo, Mama," Ondiek akasema, akavuta kiti kimoja kati ya vile alivyokuwa akibeba tangu Jumanne, akaketi.