Tuta la Viazi

Tangu apofuke, Mzee Irungu alikuwa na ombi moja, na kila asubuhi alilitoa upya katika chumba cha mwanawe pale mtaani Kware, jijini.

"Gitonga, nipeleke nyumbani nikamsalimie mama yako."

Nyumbani ni shambani kwake mlimani, alikozikwa mkewe. Gitonga alijibu "wiki ijayo" bila haya hata kidogo. Shamba alikuwa ameliuza kwa siri, kaburi na yote, akafungua bucha mtaani Kiamaiko, na bucha lenyewe likafa upesi.

Sasa kichwa chake, kile kile kilichouza, kikamletea wazo. Nje ya jiji palikuwa na makumbusho ya maisha ya zamani ya milimani: nyumba za udongo na nyasi, ghala, zizi, hata shamba dogo, vyote vimejengwa uwanjani ili watu wa mjini waje kupiga picha. Kipofu atajuaje? Akakodi teksi, akamwambia dereva azunguke-zunguke ili safari iwe ndefu.

"Tumefika, Baba."

Mzee alivua kofia. Alipapasa ukuta wa udongo, akainama mlangoni bila kuambiwa, akatoka akicheka peke yake. Gitonga alifurahi kwelikweli, akajiona mwana mwema, mjinga yule.

"Sasa nipeleke kwa mama yako."

Hilo hakuwa amelipangia. Alitazama huku na huku, akamshika mzee mkono, akampeleka kwenye lile shamba la maonyesho, akampigisha magoti mbele ya tuta.

"Msalaba uko wapi?"

"Mchwa waliula, Baba."

Mzee akampa mkewe habari zote: macho yake, ngazi za Kware zinazomshinda, mwana mzuri aliyemrudisha. Alisema polepole, na Gitonga ikambidi ageuke pembeni. Kisha mzee akaanza kung'oa magugu, maana kaburi halifai kuachwa hivyo. Shina moja likatoka na kitu kinene chini yake. Akakipapasa, akakinusa. Kiazi kitamu.

Akalipapasa tuta lote: mashina ya viazi tu.

"Na yeye ulimuuza?"

Mzee alikirudisha kiazi udongoni, akakifukia vizuri, akasimama bila kushikwa mkono.

"Basi mimi nikifa nipeleke makaburini Lang'ata, kwa wasio na kwao. Usinitafutie tuta."